Koa aliyeua samaki wa ndoo nzima

Nikiwa na miaka 11 niliua samaki wote waliokuwa kwenye ndoo ya bibi yangu, na sikujua nimewaua kwa kitu gani.

Lilikuwa bamvua la mwezi mpevu. Maji yamekupwa hadi mwamba wa nje wa Msangamkuu, Mtwara, umeachwa wazi, na wanawake wa kijiji wametawanyika juu yake, kanga zimekazwa viunoni, kila mmoja na ndoo yake. Bibi alikuwa na mchokoo wa pweza. Mimi nilibeba ndoo ndogo ya maji ya bahari, ambamo alikuwa akitia tasi wadogo na kamba aliowakuta wamenaswa vidimbwini. Alitaka wafike nyumbani wakiwa hai, maana jua la saa tano linaharibu samaki mdogo kabla hujavuka kivuko.

Pembeni mwa tumbawe moja, penye kivuli, nikaona kitu cha ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima. Kilikuwa cheusi, kina matuta ya kijivu cha buluu yaliyokwenda kwa urefu wa mgongo, na juu ya matuta hayo vinundu vyenye ncha za njano. Hakikuwa na gamba wala miguu, na nilipokigusa hakikujikunja. Nilikiona kizuri kuliko shanga yoyote niliyowahi kuvaa. Nikakibandua taratibu, nikakitia kwenye ndoo, nikaendelea kumfuata bibi.

Tulipofika ufukweni tasi wote walikuwa wamelala ubavu. Kamba nao wamekufa. Kitu changu kilikuwa kinapanda ukuta wa ndoo bila haraka. Bibi akainama, akanusa maji, akakunja uso, kwa sababu yalikuwa na harufu kali ambayo si ya samaki. Nilingoja kofi. Badala yake akauliza:

"Mjukuu wangu, huyu umemtoa wapi?"

"Mwambani, bibi."

"Mwambani najua. Alikuwa amekaa juu ya nini?"

Sikuwa nimeangalia. Akamwaga ndoo nzima mchangani, mbali na njia ya watu, akaisuuza mara tatu kwa maji ya bahari. Tukaenda nyumbani na pweza peke yake. Njiani akaniambia kwamba ukikuta baharini kiumbe laini, hana gamba, hana mwiba, wala hakimbii anapokuona, kabla hujamgusa tazama amekaa juu ya nini. Hakueleza zaidi. Nimefundisha biolojia sekondari kwa miaka 14 sasa, nimesoma mengi juu ya viumbe hawa, na bado sijakutana na swali linalolifikia hilo la bibi.

Nyumbani tulimwita koa tu, kama yule wa shambani anayetoka wakati wa masika na kuacha ute kwenye majani. Ni jina sahihi: koa ni konokono asiye na gamba, na wa baharini wako hivyohivyo. Kundi lao moja tu, lile la wanaobeba matamvua yao nje, mgongoni, lina spishi zaidi ya 3,000 zinazojulikana. Wengi wao huzaliwa na gamba dogo wakiwa viluwiluwi wanaoelea, kisha hulitupa wanapotua chini na kuanza utu uzima. Fikiria kiumbe anayevua nyumba yake siku anayohamia kwenye mtaa wa kaa, kasa na samaki wenye midomo ya kuvunja matumbawe. Anaishije? Kurasa nyingi zinazoonyesha picha zao huishia kwenye rangi, na huwa inanisikitisha. Rangi ni bango tu la mlangoni. Jibu liko jikoni: koa wa bahari hulindwa na kile anachokula, na mara nyingi chakula hicho ndicho alichokalia unapomkuta.

Yule wa kwenye ndoo anaitwa Phyllidia varicosa. Anakula sifongo. Sifongo kwa macho yako ni kitu kilichoshikamana na mwamba, chekundu, cha machungwa au cheusi, ambacho wengi hudhani ni mmea. Ni mnyama. Hawezi kukimbia, kwa hiyo amejijaza vijiti vidogo sana, mara nyingi vya madini yaleyale ya kioo, na kemikali kali zinazowakatisha tamaa walaji. Samaki wengi wakimwonja mara moja wanamwacha. Phyllidia hamwachi. Hana hata jino moja, ingawa jamaa zake wengi wana ulimi wa kukwangua uliojaa safu za meno, uitwao radula. Yeye hutoa koo lake nje, hulibandika juu ya sifongo, humwaga juisi za kumeng'enya na kufyonza uji unaopatikana. Anapika chakula nje ya tumbo, kisha anakunywa.

Na sumu iliyo ndani ya uji ule haimdhuru. Mwaka 1963 mtafiti R. E. Johannes alieleza jinsi Phyllidia alivyotoa ute wenye harufu kali uliowaua samaki na kamba waliokuwa naye kwenye chombo kimoja. Niliposoma hayo chuoni nilisimama katikati ya maktaba na kuiona ndoo yetu. Mwaka 1975 wanakemia wa Hawaii wakaitambua kemikali yenyewe, na wakaikuta pia ndani ya sifongo aliyekuwa akiliwa. Koa alikuwa ameibeba ilivyo kutoka mezani hadi mgongoni.

Sisi watu wa kusini tunapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine, maana tumekulia kwenye mhogo mchungu. Tunaumenya, tunauloweka, tunaanika makopa juani siku kadhaa, na hatusongi ugali mpaka sumu imekwisha. Maarifa yetu yote ya jikoni yamelenga kuiondoa. Koa anafanya kinyume chake. Anakula mhogo mchungu mbichi, anatenga sumu, anaiweka ghalani, na ghala ni ngozi yake.

Tena anachagua cha kuweka. Mwaka 2016 watafiti walitoa matokeo ya uchunguzi wa spishi tano za jenasi ya Chromodoris, wale wembamba wenye mistari ya buluu na nyeusi na pindo la njano ambao wapiga mbizi huwapenda sana. Ndani ya miili yao mlikuwa na kemikali kadhaa zilizotoka kwa sifongo. Lakini kwenye pindo la ngozi, mahali ambapo samaki angeuma kwanza, wote watano walikuwa wameweka moja tu, latrunkulini A. Kemikali hiyo huvuruga nyuzi zinazoshikilia umbo la seli, na maabara nyingi duniani huitumia kwa kazi za utafiti. Koa ameichambua kutoka kwenye mchanganyiko mzima na kuipeleka mpakani, bila ubongo unaozidi punje.

Mkubwa wa ukoo huo wa wala sifongo ni Hexabranchus sanguineus, mwekundu, anayeweza kuzidi sentimita 40, ambaye akibughudhiwa hukunjua mapindo yake na kuogelea kwa mawimbi kama kanga iliyopeperushwa na upepo. Kwake sumu ya sifongo inakwenda hadi kwa watoto. Mayai huyataga kwenye utepe mwekundu uliozungushwa kama ua la waridi, utepe ule unakaa wazi kabisa juu ya mwamba, na samaki wanaupita. Nimeuona mara mbili upande wa Ruvula. Mara ya pili niliinama karibu zaidi nikaona ndani ya mikunjo vijikoa vidogo sana, vyeupe, vimejaa rangi ya waridi tumboni. Ni jenasi ya Favorinus, ambao chakula chao ni mayai ya makoa wenzao. Sumu iliyowafukuza samaki wote hao haikuwafukuza wao.

Sasa tutoke mwambani tuje kwenye nyasi bahari, maana huko ndiko nilikopotelea miaka mingi zaidi.

Ukitembea usiku maji yakiwa magotini, na tochi ya kichwani, kwenye nyasi za Ghuba ya Mikindani au Msimbati, utakutana na kitu kama jiwe lililoota mwani. Ni Dolabella auricularia. Anaweza kufika sentimita 40, rangi yake ni kahawia na kijani iliyochafuka, na upande wa nyuma ni bapa na wa mshazari, kana kwamba mtu amemkata kwa panga. Mchana hujifukia nusu mchangani. Usiku hutoka kula. Kichwa kinakwenda kushoto, kinakwenda kulia, midomo inaushika mwani, radula inakata, kichwa kinasonga tena. Ukizima tochi na kutulia, kisha ukaiwasha baada ya muda, utamkuta amesogea hatua moja na nyuma yake pamesafishika. Gamba bado analo, ila limepungua na kuzama ndani ya mwili, lina umbo la sikio, na hapo ndipo jina lake la pili lilipotoka.

Ukimshika vibaya anamwaga wino wa zambarau unaofunika maji yote ya kidimbwi. Watoto wa Shangani wanaujua mchezo huo na naomba wauache, kwa sababu wino ule una gharama. Jamaa zake wa jenasi ya Aplysia wamechunguzwa sana juu ya hili: rangi ya wino wao hutengenezwa kutokana na rangi ya mwani mwekundu wanaoula, na wakilishwa mwani wa kijani peke yake wino wa zambarau unakosekana. Kila wingu la wino ni milo iliyowekwa akiba. Na halifanyi kazi ya kuficha tu. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2005 kwamba majimaji ya Aplysia yana kemikali zinazomdanganya kamba kochi aone kuwa amepata chakula. Kamba anamwacha koa na kuanza kuukamata wino kwa miguu na kuupeleka mdomoni. Koa anamlisha adui kivuli cha mlo, kisha anaondoka.

Kuna habari nyingine ya Dolabella ambayo huwaambia wanafunzi wangu kila mwaka, na kila mwaka darasa linanyamaza. Mwanakemia wa Arizona, George Pettit, alitafuta dawa za saratani ndani ya wanyama wa bahari kwa miaka mingi. Kutoka kwenye Dolabella wa Bahari ya Hindi, waliokusanywa Morisi, timu yake ilipata kemikali kwa kiasi kidogo mno, na mwaka 1987 ikatangaza muundo wa ile iliyopewa jina dolastatini 10. Ilizuia seli kugawanyika kwa nguvu ya kutisha. Yenyewe ilikuwa kali mno kwa mgonjwa, lakini wanakemia walitengeneza jamaa yake maabara, wakaifunga kwenye kingamwili inayoitafuta seli ya saratani na kuipelekea sumu hukohuko. Dawa hiyo, brentuximab vedotin, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 na inatumika kutibu saratani za tezi za limfu.

Lakini sehemu ninayoipenda iko katikati. Mwaka 2001 watafiti wengine waliikuta dolastatini 10 ileile kwenye visiwa vya Palau, na safari hii haikuwa ndani ya koa. Ilikuwa ndani ya Symploca, utando wa sianobakteria unaoota juu ya miamba na mwani, utelezi ule unaokuangusha ukikanyaga vibaya. Koa hakuwa amekitengeneza chochote. Alikuwa amekula majani, na juu ya majani kulikuwa na utando. Wanasayansi walishika mnyama wakachukua zaidi ya miaka 10 kufika kwenye chakula chake. Bibi yangu, ambaye hakusoma hata darasa la kwanza, alianzia kwenye chakula.

Si kila mla mwani anakata kama Dolabella. Kuna kundi dogo la makoa wa kijani ambao nawaweka mbele ya wote, na mtu akiniuliza sababu huwa nashindwa kuwa mfupi. Kundi linaitwa Sacoglossa. Radula yao ina safu moja tu ya meno, na wakati wowote linalofanya kazi ni jino moja, lenye umbo la kisu chembamba. Koa anashika uzi wa mwani, anatoboa seli, ananyonya maji yake, anasogea kwenye seli nyingine. Ni kama mtoto na dafu. Jino likichakaa linarudi nyuma na kuhifadhiwa kwenye mfuko mdogo ndani ya mwili wake. Jina la kundi limetokana na mfuko huo. Kwa hiyo kila mmoja wao anatembea na meno yake ya zamani.

Ndani ya maji yale ya mwani mna kloroplasti, vile vijumba vya kijani ambamo mimea hutengenezea chakula kwa mwanga. Wanyama wengi wangezimeng'enya. Baadhi ya Elysia huzitenga zikiwa nzima na kuzisambaza kwenye matawi ya utumbo yaliyoenea mwili mzima, hadi mgongo wake unakuwa kijani kama jani. Aliye maarufu zaidi ni Elysia chlorotica wa pwani ya mashariki ya Amerika Kaskazini, ambaye akishakula mwani wa Vaucheria anaweza kukaa miezi 9 au 10 bila kula tena. Wetu wa huku, kama Elysia ornata mwenye pindo la machungwa na nyeusi, hula mwani laini wa Bryopsis.

Hapa naomba tusikimbilie kusema "mnyama anayeishi kwa jua", kama mitandao inavyopenda. Mwaka 2014 watafiti waliwaweka makoa wa kundi hili gizani kwa miezi bila chakula, akiwemo Plakobranchus ocellatus, mkazi wa bahari za joto za Hindi na Pasifiki. Hawakufa. Walipungua uzito, na waliokuwa gizani hawakupungua kwa namna iliyotofautiana sana na waliokuwa kwenye mwanga. Huenda kloroplasti ni ghala la chakula cha baadaye zaidi ya kuwa shamba. Mjadala unaendelea, na kwangu mimi ghala linastaajabisha kama shamba lenyewe: kiumbe aliyehifadhi chakula kikiwa hai ndani ya mwili wake, kikiendelea kufanya kazi ya kiwanda cha mmea, hadi siku atakapokihitaji.

Mwaka 2021 kutoka Japani ilikuja habari iliyonikosesha usingizi. Sayaka Mitoh na Yoichi Yusa waliona makoa wawili wa jenasi hii, Elysia marginata na Elysia atroviridis, wakijikata shingo wenyewe. Kichwa kinaacha mwili wote, moyo ukiwa humo, kinaondoka. Na kitu cha kwanza ambacho vichwa vya makoa vijana vilifanya, ndani ya saa chache, kilikuwa kula mwani. Hakuna tumbo la kupokea, lakini kinakula. Ndani ya wiki tatu hivi mwili mzima umeota upya. Watafiti wanadhani kloroplasti zilizobaki kichwani husaidia kukivusha kipindi kile.

Wapo pia wezi wa silaha, na hawa nitawapitia haraka maana picha zao ziko kila mahali. Ni makoa wembamba waliojaa vidole laini mgongoni, kundi la eolidi. Wanakula haidroidi na anemoni, jamaa za yavuyavu, wanyama wenye seli za vishale vinavyochoma. Vishale vingine vinafyatuka wakati wa mlo, lakini ambavyo havijakomaa koa humeza vikiwa vizima, huvipitisha hadi ncha za vidole vyake vya mgongoni na kuvikomaza humo. Samaki akiuma, anachomwa na silaha ya mnyama mwingine. Aliye hatari kwa mtu ni Glaucus, wa buluu na fedha, mdogo kama kiungo cha kidole, anayeelea chali juu ya bahari kwa kiputo cha hewa alichokimeza. Chakula chake ni Physalia, yale mapovu ya buluu yenye nyuzi ndefu yanayoletwa pwani na upepo. Ukiyakuta mchangani waambie watoto wasiokote chochote cha buluu kilicho karibu.

Koa mwingine, Melibe, hana radula wala sumu ya sifongo. Mdomo wake umezungukwa na kofia pana ya ngozi angavu yenye ndevu ukingoni. Anaitupa juu ya nyasi na mchanga kama mvuvi anavyotupa kimia, kingo zinagusa chini, zinakaza, kisha anaikusanya ndani na kumeza vijikamba vyote vilivyobaki humo. Nilimwona mara moja tu, maji ya mapajani, asubuhi ya maji mafu. Ng'ambo ya pili wanawake wawili walikuwa wanatanda dagaa kwa kitambaa. Wao na yeye walikuwa wanatupa na kukusanya kwa mwendo mmoja, na nilisahau kabisa kilichonipeleka pale.

Na wapo Gymnodoris, wanaokula makoa wenzao. Humfuata, humshika, wakati mwingine humeza mzima. Spishi moja, Gymnodoris nigricolor, imeonekana ikijibandika kwenye pezi la samaki mdogo anayeishi shimoni na kuliguguna pezi lenyewe, samaki akiwa hai na akiogelea naye.

Watu wa kwanza kuwaandika makoa wa pwani yetu kwa wingi walikuja kwa meli, na mmoja wao anajulikana kwa mambo mengine kabisa. Charles Eliot alikuwa kamishna wa Uingereza katika himaya ambayo leo ni Kenya hadi mwaka 1904, mtu aliyefungulia walowezi ardhi ya wenyeji. Mtu huyohuyo alikuwa bingwa wa makoa wa bahari. Kati ya mwaka 1902 na 1905 alichapisha mfululizo wa makala juu ya makoa wa Zanzibar na Afrika Mashariki, wengi wakiwa wamekusanywa na Cyril Crossland, na mmoja wao, Halgerda wasinensis, bado anabeba jina la kisiwa cha Wasini. Baadaye, mwaka 1971, Malcolm Edmunds alichapisha kazi ndefu juu ya makoa wa Tanzania wa kundi la dorisi, lile la akina Phyllidia na Chromodoris. Nazisoma kazi hizo kwa shukrani na kwa uchungu pia. Maumbo, meno na rangi vimeelezwa kwa makini sana, halafu maelezo ya mlo, mara nyingi, ni mafupi. Koa aliyelowekwa kwenye chupa ameshabanduliwa kutoka kwenye kile alichokuwa amekalia.

Ndiyo maana mwamba ukiharibiwa ninawaza kwanza juu ya sahani. Phyllidia anataka sifongo fulani, si sifongo yeyote. Phestilla, koa mdogo anayekula tumbawe la Porites, akiwa kiluwiluwi hageuki kuwa mtu mzima mpaka anuse kemikali ya tumbawe lake majini. Asipoinusa anaendelea kuelea. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi magharibi mwa Bahari ya Hindi, na sisi tulijiongezea baruti. Nilikua nikisikia mlipuko wake asubuhi, na ulitikisa vyombo kabatini. Wavuvi walihesabu samaki waliopata. Matumbawe na sifongo zilizosagika hazikuwa za mtu, hivyo hakuna aliyezihesabu. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000, ina eneo la kilomita za mraba 650 hivi, na ndani yake bado pana mwamba ambao ukiinama juu yake dakika kumi unapata wapangaji wa kila namna. Ninawapeleka wanafunzi huko kila ninapopata nauli. Sheria zangu kwao ni tatu: viatu miguuni, jiwe ulilolipindua ulirudishe lilivyokuwa, na hakuna ndoo.

Bamvua lililopita nilikwenda na binti wa dada yangu, ana miaka tisa. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yale ya kwanza yanayoingia kimyakimya kati ya nyasi. Kwenye kishungi cha Bryopsis, kidogo kuliko kiganja cha mkono wangu, alikuwapo Elysia mmoja wa urefu wa ukucha, amefunga mbawa zake mbili za kijani. Mtoto akapiga magoti karibu kabisa.

"Mama mdogo, amekaa juu ya chakula chake?"

"Ndiyo."

"Mbona hali?"

Nikamwambia asogee kidogo, kwa sababu kivuli cha kichwa chake kilikuwa kimemfunika. Akasogea. Jua likampata koa, na baada ya muda mbawa zikaanza kufunguka.

"Sasa anakula?"

Maji yalikuwa yamefika magotini kwetu. Nikamkunjia kanga yake juu zaidi, tukabaki tunatazama.